Jabia la Hajati, kusini mwa Khalil

Nilipokuwa mtoto kisiwani Ndau, huko Lamu, hakuna aliyechota maji jabiani, birika letu la maji ya mvua, kabla bibi hajachungulia. Alikuwa akiinama ukingoni, anatazama maji yameshuka hadi wapi ukutani, ndipo anatoa hukumu: leo ndoo nne, leo tatu. Mwezi wa Machi 2023, juu ya vilima vya Palestina, nilimwona mama mwingine akiinama vilevile, mkono kiunoni, na nikajikuta nimesimama nyuma yake kimya kama mtoto anayengoja kuambiwa.

Nilikuwa nimekwenda kuzuru Al-Aqsa. Msafara wetu uliporudi Amman mimi nilibaki siku nne, kwa sababu dada mmoja wa Yatta, mji ulio kusini mwa Hebron, tuliyefundisha naye shule moja Muscat alikuwa amenialika kwao kwa miaka mingi. Kiarabu changu ni cha madrasa kilichokwenda kunolewa Oman, kinatosha kuomba chumvi na kusikiliza huzuni.

Kutoka Jerusalem nilipanda basi hadi Bethlehem, kisha teksi ya manjano ya kuchangia, wenyewe wanaiita sarvis, mpaka Hebron. Wao huuita mji ule Khalil, na sisi tuliosomeshwa visa vya Nabii Ibrahimu hatuhitaji kuelezwa kwa nini. Sehemu kubwa ya njia ni barabara ya namba 60. Magari yenye vibao vya manjano yamesajiliwa Israeli, yakiwemo ya walowezi, yaani Waisraeli waliojenga makazi kwenye ardhi hii. Yenye vibao vyeupe ni ya Wapalestina. Kwenye kizuizi, askari anajua wewe ni nani kabla hujafungua kioo.

Yatta nilipokelewa, nikalishwa, na kesho yake alfajiri tukapanda pikapu ya binamu yake kwenda kwa shangazi yake huko Masafer Yatta, kundi la vijiji vidogo vya vilimani. Kijiji sitakitaja, waliniomba hivyo. Lami iliisha, tukaingia njia ya mawe ambayo ingelivunja hata trekta. Juu ya kilima cha pili niliona barabara nyingine, nyeusi, laini, ina taa mchana, inapanda kwenda kwenye nyumba za paa jekundu. Nguzo za umeme zilipita juu ya vichwa vyetu kuelekea huko, bomba la maji likapita chini. Kijiji tulichokiendea kilikuwa katikati, na hakikupata hata kimoja.

Hili lina historia yake. Makubaliano ya Oslo ya 1995, kati ya Israeli na Wapalestina, yaliigawa Ukingo wa Magharibi katika maeneo A, B na C. Eneo C, asilimia 60 hivi ya ardhi yote, lilibaki mikononi mwa jeshi la Israeli, na huko ndiko yaliko makazi ya walowezi. Masafer Yatta imo humo. Tena miaka ya mwanzo ya 1980 jeshi lilikwisha kuitangaza sehemu kubwa yake kuwa uwanja wa mazoezi ya silaha, namba 918. Mwaka 1999 watu wapatao 700 walitolewa, wakarudi kwa amri ya muda ya mahakama, kesi ikakokotwa zaidi ya miaka ishirini. Tarehe 4 Mei 2022 Mahakama Kuu ya Israeli ikaamua kwamba wanaweza kuondolewa. Ni watu zaidi ya elfu moja. Nilipofika, hukumu ilikuwa na miezi kumi, na kila familia ilikuwa imeendelea kukamua kondoo kila siku.

Shangazi yule watu wote walimwita Hajja, nami nikamwita Hajati. Alikuwa na kondoo na mbuzi kama sitini, wana wawili, mkwe, wajukuu watano. Nyumba ya juu ilikuwa ya matofali na mabati. Ilibomolewa, ikajengwa, ikabomolewa. Kwa hiyo walikuwa wakilala pangoni, pango lililochongwa na wazee wao, limepakwa chokaa ndani, magodoro yamepangwa ukutani hadi karibu na dari. Hewa ya mle ni ya uvuguvugu wakati nje upepo unakata masikio.

Jiko lilikuwa kibanda cha mawe chenye tabuni, tanuri la udongo mfano wa chungu kilichofunikwa. Chini yake kuna kokoto, na moto hauwekwi ndani: samadi kavu ya kondoo inafukiziwa kwa nje, inaungua polepole usiku kucha. Mkwe alitandaza donge, akafunika, akaniambia nihesabu. Mkate ulitoka na vishimo vya kokoto tumboni, kila kishimo kimeshika mafuta ya zeituni. Pembeni kiriba cha ngozi ya mbuzi kilining'inia kwenye miti mitatu, bibi na wajukuu wakipokezana kukisukuma huku na huku mpaka siagi ijitenge. Kutokana nayo wanapata samli, nao husema samna. Mtindi unaobaki unakaushwa kwa chumvi, unafinyangwa madonge meupe magumu kama jiwe, wanayaita jamid. Machi ndio msimu wake, na fedha za mwaka mzima ziko humo.

Lakini malisho yamepungua. Mwana mkubwa alinionyesha kwa kidole: bonde lile lilikuwa letu, kilima kile pia, sasa kuna kambi ya walowezi wachache wenye kondoo wao, wanawaswaga hadi kwenye ngano yetu. Kuwafuata ni kutafuta kukamatwa. Basi kondoo wanakula chakula cha gunia, na gunia linakula jamid.

Maji ndiyo yaliyoniingia zaidi. Mwaka 2020 vijiji vya Wapalestina visivyounganishwa na bomba vilitumia wastani wa lita 26 kwa mtu kwa siku. Shirika la Afya Duniani linataka 100. Kwa Hajati nilizoea haraka: maji ya kuoshea mboga yanaosha vyombo, ya vyombo yanakwenda kwenye mche wa mlozi. Jabia lao lilichimbwa na babu wa mumewe, mdomo mwembamba, tumbo pana. Lilikuwa na ufa. Walijua ulipo, na mwana mkubwa anajua kuchanganya saruji. Ila kulikarabati kunahesabiwa kuwa ni ujenzi, na ujenzi unahitaji ruhusa. Neno hili halikuhitaji tafsiri, kwao nako ni rukhsa. Kati ya 2009 na 2018 Wapalestina wa Eneo C waliomba vibali vya ujenzi zaidi ya 4,400. Waliokubaliwa hawakufika mia. Kwa hiyo maji yanavuja ardhini, na wakiishiwa wananunua kwa boza linalopita ile njia ya mawe, kwa bei ambayo aliye na bomba hajawahi kuisikia.

“Kwenu,” Hajati aliniuliza tukiwa ukingoni, “jabia likipata ufa mnamwomba nani?”

Nikamwambia tunamwita fundi.

Akatikisa kichwa taratibu, akashusha ndoo. Kamba ilikuwa na mafundo kila shibiri, naye aliyahesabu kwa vidole bila kuangalia. Ndoo ya kwanza ilikwenda kwa kondoo.

Usiku sikulala sana. Wanaume walipokezana zamu ya kukesha na tochi, na makazi ya kilimani yaling'aa hadi yakafuta nyota za upande ule. Asubuhi watoto walioga uso kwa kikombe kimoja, wakashika njia ya shule.

Vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023 mambo yakazidi kuwa mabaya. Njia nyingi za kwenda Yatta zilizibwa kwa vifusi, na Zanuta, kijiji cha watu kama 250 upande wa pili wa vilima, kilihamwa chote mwezi ule ule kwa mashambulizi ya walowezi. Nilituma ujumbe, siku tisa kimya. Ya kumi mkwe akanirekodia sauti, nyuma yake nasikia kondoo na mtoto analia. Tupo, alisema. Kisha, kabla sijauliza, akasema mvua ya kwanza imenyesha, na Hajati ameshachungulia: mafundo manne.