Pazia, kandambili na vigari vya Muingereza: nilivyoingia kwenye Scalextric hapa Unguja

Nimechoka kuulizwa na mashoga zangu kwa nini mimi fundi cherehani, mtu mzima, mama wa watoto wanne, kwenye kabati langu vigari vya kuchezea vimekula nafasi ya vitambaa. Leo naandika mara moja yaishe, halafu anayetaka kucheka acheke. Na naandika pia kwa sababu nimepewa ushauri mbovu sana mwanzoni, wengine wakanitia hasara wallahi, na wale wale sasa hivi ndio wanaojifanya walinifundisha.

Ilikuwa hivi. Mimi huwa nakwenda wakifungua kontena za vitu vya Ulaya, zile za vyombo vya majumbani vilivyotumika, kutafuta mapazia mazito. Pazia la Muingereza ukilifumua unapata kitambaa cha maana, foronya na vitambaa vya meza unashona mpaka ukachoka. Sasa siku hiyo chini ya mapazia nikaona boksi la kadibodi limelowa pembe moja, ndani barabara za plastiki nyeusi vipande ishirini na kitu na vigari vitano, vingine havina magurudumu. Nikashika kimoja, cha kijani, kirefu kama sigara, hakina kioo cha mbele. Nikakigeuza kuangalia tumboni, tabia ya fundi hiyo, nguo nageuza ndani nione mshono kwanza. Tumboni kimeandikwa Made in England na namba C55. Uzito wake nao haukuwa wa vitu vya siku hizi.

Nikampigia video kaka yangu yuko Uingereza miaka mingi. Akatazama akasema dada achana nalo hilo, Scalextric bila boksi lake la asili ni takataka, tafuta zinazong'aa zilizo ndani ya boksi. Nikakata simu. Kijana anayeuza kanisikia naye akapandisha bei hapo hapo, "mama hii antika, elfu themanini." Nikamwambia mwanangu, mimi nimekuja kwa mapazia. Nikachambua mapazia kama sita, nikabishana naye weee, moja lina doa, jingine limepigwa jua, mpaka kachoka, mwisho nikamwambia haya nachukua yote lakini niongeze na hilo boksi la watoto. Jasho linamtoka, saa saba hiyo, akasema chukua mama uende. Kwa jumla nilitoa elfu thelathini na tano hivi, au arobaini, sikumbuki vizuri, na pazia moja tu nililouza baadaye lilirudisha karibu nusu.

Kwa asiyevijua: hivi ni vigari vya umeme, urefu wake ni sehemu moja ya 32 ya gari lenyewe. Barabara ina ufa katikati ya kila njia na kila upande wa ufa kuna reli ya chuma. Kigari kina ulimi unaoingia kwenye ufa na brashi mbili za nyuzi za shaba zinazogusa zile reli, umeme wa volti 12 unapanda humo kwenda kwenye mota. Wewe mkononi una kitu kama bastola, ukiminya sana kinakimbia, ukiachia kinapoa. Usukani hakuna. Watu wanasema basi rahisi, na hao ndio kona ya kwanza tu kigari kiko chini ya kochi.

Usiku ule sikulala, nikasoma kwenye simu. Aliyevianzisha ni Muingereza anaitwa Fred Francis, kampuni yake Minimodels, mwanzo walikuwa wanatoa vigari vya bati vya springi vikiitwa Scalex, mwaka 1952, halafu akatia mota ya umeme ndani na 1957 akavionyesha kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea Harrogate. Scalex na elektriki ukivipachika pamoja unapata Scalextric, kumbe jina lenyewe ni kiraka. Vya mwanzo bodi zilikuwa za bati, plastiki ikaja 1960. Na ile C55 yangu ni Vanwall, gari la Kiingereza lililochukua ubingwa wa kwanza wa watengenezaji wa Formula 1 mwaka 1958, na ilikuwa miongoni mwa vya mwanzo kabisa vya plastiki. Ndiyo hiyo takataka ya kaka.

Haya, kuvisafisha. Hapa ndipo nilipolia.

Kulikuwa na Mini Cooper nyekundu, C76, paa lina michirizi na uchafu uliogandia. Jirani yetu ni fundi rangi wa magari, magari ya kweli, na anaheshimika mtaani. Nikampelekea. Akakitazama kama daktari, akasema dada hii kazi ndogo, pamba na thina kidogo tu, pitisha mara moja, itang'aa kama imetoka dukani. Nikanunua thina, kichupa cha maji kimoja. Nikakaa barazani mchana, chai pembeni, miwani nimevaa. Pitisho la kwanza uchafu ukatoka, mashallah, nikafurahi. Nikasema hebu na pili. La pili pamba ikanata. Nikaivuta, ikaja na nyuzi nyekundu kama jibini la pizza za Forodhani, na paa likaanza kujikunja mbele ya macho yangu taratibu, kama utando wa maziwa ukiugusa na kijiko. Mimi badala ya kuacha nikapuliza! Nikapuliza kama napoza uji wa mtoto, na kila nikipuliza pamba zinaganda zaidi. Mwanangu mdogo kafika kutoka chuoni, kasimama, kasema mama gari imeota ndevu. Nilipomfuata fundi akanijibu kwa utulivu kabisa, "aa, kumbe plastiki? Mi nilidhani bati."

Aliishika mkononi jamani.

Sasa hivi natumia maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mswaki wa mtoto, basi. Michirizi naisugua na dawa ya meno kwa kitambaa laini, taratibu kama nusu saa, na stika sizigusi hata kwa maji mengi. Ile Mini bado ninayo, watoto wanaiita Bibi Mkunjo.

Transfoma kwenye boksi haikuwemo. Ukiipata ni raha, plagi ya Muingereza na yetu moja, inaingia ukutani bila adapta. Mimi nilianza na adapta ya ruta ya intaneti, volti 12 ampia moja, nikakata ncha nikaunga waya. Kigari kimoja kinakwenda vizuri, viwili ndio vituko, kimoja kikichukua mwendo cha pili kinanyong'onyea, na kimoja kikiruka nje mwenzake anapata umeme wote anaruka na yeye. Watoto walidhani ndio mchezo wenyewe ulivyo. Baadaye nikahamia betri ya Vespa ya mwanangu mkubwa, ile ina nguvu, lakini tieni fyuzi. Mimi niliambiwa fyuzi ya nini kwa kibetri hiki, nikasikiliza tena, brashi ya kigari ikalala ikagusa reli zote mbili, moshi, na nusu ya ule mkono wa kuminyia ikayeyuka. Uzuri wa betri ni kwamba umeme ukikatika sisi tunaendelea, tunawasha taa za simu, na majirani wanajua kwetu kumechangamka.

Reli zilikuwa na kutu maana upepo wetu wa bahari hauna huruma. Msasa laini, futa, halafu tone la mafuta ya cherehani kwenye kitambaa upitishe, ufute tena mpaka kidole kisiteleze. Mafuta hayo hayo ndiyo ya ekseli na mota, tone moja la ncha ya sindano, ukitia kama unakaanga chapati mota inanuka na kufa. Na kabla ya mafuta toa nywele! Nyumba za Ulaya ni mazulia matupu, nywele zinajizungusha kwenye ekseli mpaka gurudumu haligeuki, mtu anasema mota imekufa anatupa. Vigari viwili kati ya vitano nilivifufua kwa sindano namba 14 na kibano tu. Brashi zilizokwisha nimezitengeneza kwa waya wa antena ya tivi, ukiuchuna ndani una wavu wa shaba laini kabisa, unaukata, unaubana bapa, ni ule ule.

Ila matairi ndiyo yaliyonitoa roho, na ndiyo ninayojivunia. Mpira wa zamani unakauka unakuwa mgumu kama halua iliyosahauliwa nje ya kawa, kigari kinateleza tu hakishiki njia. Kaka akasema agiza, paundi kadhaa na posta juu. Kwa matairi! Nikatazama chini nikaona kandambili nyeusi ya mguu wa kushoto, mwenziwe kachukuliwa na mbwa wa jirani. Nikakata duara nne kwa mkasi, nikatoboa, nikavika, nikaweka njiani. Kigari kikaruka kama chura, tok tok tok, kwa sababu mkono wa binadamu haukati duara hata ukiwa fundi wa kola za kanzu miaka ishirini.

Nikakaa nikawaza. Kwenye cherehani yangu ya miguu pembeni pana kile kijiti cha kujazia uzi kwenye bobini, na kinazunguka sawasawa bila kuyumba. Nikachukua kipande cha bomba la mwavuli mbovu, nikakinoa mdomo, nikakitia kwenye seredani mpaka kikawa chekundu, nikatoboa kandambili, tundu safi la duara (harufu msiulize, jirani alipiga hodi akidhani nyaya zinaungua). Halafu, hapa ndipo penyewe, kijiti cha bobini ni chembamba kuliko rimu ya kigari, basi nikakizungushia uzi, raundi baada ya raundi, mpaka unene ukawa sawasawa na rimu. Nikavika kile kipande cha kandambili kikiwa bado cha mraba, nimekata na mkasi tu ovyo, nikalegeza gurudumu la cherehani sindano isipige, nikakanyaga. Mkono wa kulia nimeshika msasa kwenye kibao, nausogeza kidogo kidogo. Vumbi jeusi, pembe zinaondoka moja moja, dakika tatu nne hivi nina tairi la duara kama limepimwa na serikali. Nikafanya la pili nikilipimia la kwanza, gundi tone moja kwenye rimu, usiku kucha likauke.

Asubuhi Vanwall ilipita kona imejibana chini haitikisiki, nikapiga kigelegele peke yangu. Baadaye ndio nikaja kusoma kwamba wenye mashindano makubwa huko kwao wanatumia matairi ya sponji, na wanayasaga kwenye msasa vile vile. Tofauti ni kwamba wao wana mashine ya kazi hiyo.

Sasa nanunua vipi siku hizi? Nakwenda na betri ya mraba ya volti 9 kwenye pochi. Nageuza kigari, nagusisha betri kwenye brashi mbili, kikizunguka hata kwa kusitasita nachukua, kikirudi nyuma hakijaharibika, umegeuza betri wewe. Nanusa, mota iliyoungua ina harufu yake. Natazama ulimi upo au umevunjika. Paa, kioo, rangi, hayo ya mwisho. Zinazong'aa kwenye boksi mara nyingi ni mpya, zina sumaku chini inayozing'ang'aniza kwenye reli, mtoto wa miaka minne anaendesha, za zamani hazina, kona unaikata kwa adabu. Na barabara mpya haziungani na za zamani mpaka upate kipande maalumu cha kuungia, mimi nilinunua mpya vipande vinane sasa ni rafu ya vikombe. Mara moja nikaletewa na kigari kidogo kama dole gumba, Aurora cha Marekani, kizuri mno, lakini hicho ni udogo mwingine na barabara yake nyingine, usije ukauziwa ukaambiwa vyote ni vile vile.

Fedha wala sitoi sana, nabadilishana. Baba mmoja alikuwa na Lotus, C54, mwanawe kaichoka, nikamshonea kanzu mbili za Idi na darizi ya kifua, tukamalizana. Vijana wa kontena nao wameshanijua, wakiona kigari wananitumia picha, suruali zao nawafupishia bure. Vimefika kumi na moja, vinavyokwenda tisa.

Idi iliyopita watoto wa mtaa kabla hawajakwenda Mnazi Mmoja walipanga foleni barazani kwangu, mizunguko kumi kumi, na aliyeshinda mara nyingi ni Bibi Mkunjo, sijui kwa sababu paa limekwisha kakuwa mwepesi. Nikamrikodi nikamtumia kaka. Akaandika, "Dada, ile Vanwall usije ukaiuza, niwekee mimi." Nimemjibu alete kwanza kioo cha mbele, halafu tutazungumza, na kikiwa hakimo ndani ya boksi lake la asili asije nacho.