Marashi ya michungwa ya bei kali: kumbukumbu ya mradi wa kuamua

Nimejipa kazi moja: kupima kama marashi fulani ya kifahari ya kiangazi, yaliyojengwa juu ya harufu ya machungwa na jamaa zake, yanastahili bei yake. Chupa ni nzito, kifuniko kinaingia kwa mlio mtamu, na maelezo yake yanataja bergamoti (tunda la jamii ya machungwa), limau, danzi (chungwa chungu), neroli (mafuta ya maua ya mdanzi), majani ya mdanzi, miski na mti wa seda. Ninayo sampuli ya kunitosha, na pembeni yake nimeweka kolonya ya bei nafuu ya mtindo huohuo, iwe kipimo. Kwamba yananukia vizuri, hilo halina ubishi. Ninachotaka kujua ni ile pesa ya ziada inanunua nini hasa.

Karatasi

Nilipulizia karatasi mbili za kunusia, nikaziwekea alama nyuma kwa penseli, nikazichanganya mpaka nisijue ipi ni ipi. Mwanzoni zilikaribiana mno. Sababu naijua: mafuta ya ganda la chungwa huwa na limonini kwa zaidi ya asilimia 90, na limonini ni molekuli nyepesi inayoruka upesi. Ikiwa ndani ya chupa ya kifahari au ya kawaida, huruka vilevile. Mtu akipulizia karatasi dukani, akanusa mara moja na kutoa pesa, amenunua sehemu ambayo haitofautishi sana marashi haya na mengine.

Tofauti niliipata nilipoleta ganda bichi la limau. Nililikunja karibu na karatasi ya tatu, upande wa nje ukiielekea, na vijifuko vya mafuta vikapasuka vikarusha ukungu mwembamba unaoonekana ukiutazama dhidi ya mwanga. Kisha nikanusa zote tatu kwa zamu. Kolonya ya bei nafuu ilikuwa na sitrali nyingi, ile harufu kali tunayoijua kwenye sabuni ya kuoshea vyombo, na utamu uliolala juu yake bila kuchanganyika. Marashi ya kifahari yalikuwa na uchungu kidogo, ubichi wa ganda lenyewe, hata ule ukavu wa sehemu nyeupe ya ndani. Hapo niliandika daftarini: alama ya kwanza kwa ya bei kali.

Ngozi

Huku ndiko mambo yalipo, na hapa ndipo nilipokaa zaidi.

Mdanzi ni mti wa ajabu kwa watengeneza manukato. Ganda la tunda lake hukamuliwa mafuta, majani na vijiti vyake huchemshwa kwa mvuke vikatoa mafuta mengine makavu yenye harufu ya mti, na maua yake yakichemshwa kwa mvuke hutoa neroli. Neroli ndiyo inayokula pesa: kilo moja ya mafuta huhitaji takriban tani moja ya maua, na maua hayo huchumwa kwa mkono. Kwa hiyo marashi yanapodai neroli, najua pa kuitafuta: ganda likishaanza kufifia, ua linatakiwa liwe limeshika usukani.

Nilijipulizia mkono mmoja marashi haya na mwingine kolonya, nikaendelea na shughuli zangu. Kolonya ilipopoteza limau yake haikuwa na la kusema tena. Ilibaki miski safi, nyembamba, ya kawaida. Kwenye mkono wenye marashi ya kifahari limau liliondoka taratibu na ua likapanda kutoka chini, kwanza kama asali isiyo na uzito, kisha likawa la kijani, huku majani ya mdanzi yakilizuia lisiwe tamu kupita kiasi. Hakuna mahali nilipoweza kusema hapa limau limeisha, hapa ua limeanza. Ufundi wa namna hiyo nauheshimu sana, na kolonya ile hata haikujaribu.

Kuhusu kudumu: pua huzoea harufu inayokaa nayo, kwa hiyo sikuiamini yangu peke yake. Mchana nilimuuliza dada yangu, “Dada, bado nanukia?” Akasogea, akainama kwenye bega: “Unanukia, mpaka nikusogelee lakini.” Baadaye tena jibu lake lilikuwa, “Hamna kitu, mdogo wangu.” Upande wa shati bado palikuwa na mabaki, maana nguo hushika harufu kuliko ngozi yenye joto.

Wengi wangeyakata alama marashi haya kwa hilo. Mimi siyakati. Harufu za jamii hii zilizaliwa ziwe za muda mfupi. Johann Maria Farina, Mwitaliano aliyehamia mji wa Köln nchini Ujerumani, ambako nyumba yake ya manukato ilianzishwa mwaka 1709, alijulikana kwa maji mepesi ya namna hii, na jina “kolonya” limetoka kwenye mji huo. Waliokuja baadaye walitafuta njia za kuurefusha wepesi huo bila kuuua. Mfano ninaoupenda ni Eau Sauvage ya Dior, ya mwaka 1966, ambamo Edmond Roudnitska alitumia hedioni, kiambato chenye harufu ya yasmini hafifu kinachoipa limau hewa na nafasi. Ninachodai kwa marashi ya michungwa ni kwamba yakiondoka, yaondoke kwa heshima. Mtengenezaji angeweza kuyajaza kaharabu, harufu nzito na tamu, yakadumu mpaka kesho, lakini yangekuwa marashi mengine.

Hesabu

Mpulizo mmoja wa chupa ya kawaida hutoa karibu mililita 0.1. Marashi mazito ya jioni hukutosha kwa mipulizo mitatu, kwa hiyo chupa ya mililita 100 inapita siku 300. Haya ya michungwa yanataka mipulizo sita asubuhi na minne mchana, yaani mililita nzima kwa siku, na chupa ileile inaisha kwa siku 100. Hii ndiyo bei yake halisi, nayo haiandikwi kwenye boksi. Ukilinganisha chupa na chupa, yanaonekana sawa na marashi mengine ya kifahari. Ukilinganisha siku na siku, ni zaidi ya mara tatu.

Na huwezi kujitetea kwa kununua chupa kubwa ikae miaka. Limonini ikikutana na hewa huoksidika, harufu huchakaa, na vinavyozaliwa humo vinaweza kuamsha mzio wa ngozi. Chupa iliyobaki nusu hewa, kwenye dirisha lenye jua, ndiyo mahali pabaya kuliko pote.

Kitu kingine nilichokagua ni orodha ya viambato. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka viambato vya harufu kama limonini, linaloli na sitrali vitajwe vikizidi kiwango fulani, na chupa zote mbili zinavitaja. Kwenye orodha tu, ungedhani ni ndugu wa tumbo moja. Ubora wa mafuta na uwiano wake hauonekani hapo, kwa hiyo anayekwambia “soma viambato, ni vilevile” hajakwambia kitu. Bergamoti nayo ina lake: mafuta yaliyokamuliwa baridi huwa na kemikali iitwayo bergapteni, na hiyo ikipigwa na jua juu ya ngozi huweza kuunguza na kuacha madoa. Watengenezaji wengi hutumia bergamoti iliyoondolewa bergapteni, lakini nikitoka juani bado napendelea kupulizia nguo.

Nilipofika

Chupa ya mililita 100 nimeiondoa kabisa. Ile ya mililita 30 naiona inastahili, kwa sababu ya saa ile ambayo ua la mdanzi linachukua nafasi ya ganda. Hiyo sijaipata kwenye kolonya ya bei nafuu. Kolonya nayo inabaki na kazi yake: asubuhi baada ya kuoga, kumwaga bila hesabu, halafu mpulizo mmoja au miwili ya haya mapya kwenye kola. Ndiyo mpangilio ninaoujaribu sasa, na ukifanya kazi, chupa ndogo itavuka kiangazi kizima. Sampuli imebaki robo. Nataka niimalizie kwenye siku za joto kali, mipulizo yote ikiwa kwenye nguo, kabla sijalipa.