Kufunga bushi ya chuma cha pua kwa nitrojeni ya kimiminika

Bushi ya pampu, yaani bomba fupi linalokaa kwa kubana ndani ya tundu, tuliyotakiwa kuifunga katika karakana yetu ya Chang'ombe, Dar es Salaam, ilikuwa ya chuma cha pua cha daraja la 316, yenye kipenyo cha nje cha milimita 60, na uso wake ulikuwa umekwisha kufanywa mgumu kwa kuingiziwa kaboni katika joto la chini. Tabaka hilo gumu lilikuwa na unene wa takriban maikrometa 30 tu. Kuisukuma kwa presi nilikukataa tangu mwanzo, kwa sababu vyuma vya pua vikisuguana kwa nguvu hung'ang'aniana na kuchunana, na tabaka jembamba namna hiyo halina cha kupoteza.

Bushi ilizidi tundu lake kwa milimita 0.05. Chuma cha 316 kikipozwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri, ambako nitrojeni huchemka, hunywea kwa karibu asilimia 0.28, yaani milimita 0.17 kwa kipenyo kile, hivyo ilibaki nafasi ya milimita 0.12. Barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa, ingetuachia chini ya nusu ya nafasi hiyo, na kwa unyevu wa hewa ya pwani sehemu yake ingeliwa na sakitu inayoganda juu ya chuma mara tu kinapotolewa. Tulifungua milango yote, kwani lita moja ya nitrojeni hugeuka takriban lita 700 za gesi isiyofaa kupumuliwa inayoisukuma nje hewa yenye oksijeni, tukaitumbukiza bushi, tukasubiri mchemko utulie, kisha bushi ikadondoka mahali pake bila nyundo.

Baridi yenyewe haikulidhuru tabaka, kwa kuwa chuma cha 316 hubaki na mpangilio wake wa ndani wa atomi hata katika baridi hiyo. Sumaku, ambayo ingekishika kama mpangilio huo ungebadilika, haikukishika kabla wala baada. Lililohitaji hesabu zaidi ni tundu la ndani la bushi, ambalo hubanwa na kupungua karibu kwa kiasi kilekile ambacho bushi ilizidi tundu lake, pale chuma kinaporudi kwenye joto la kawaida. Kulikereza upya baada ya kufunga ni kuliondoa tabaka tulilolilipia, kwa hiyo upungufu huo niliuongeza kwenye kipenyo cha ndani kabla bushi haijapelekwa kufanywa ngumu.

Mkereza wetu kijana aliuliza, «Kaka, na ile shafti ya 440C tuitumbukize humohumo?» Nilimkatalia. Chuma hicho cha pua kilichogumishwa kwa joto huwa na mabaki ya austenaiti, mpangilio laini wa atomi za chuma, ambayo kwa baridi kali hugeuka kuwa matensaiti, mpangilio mgumu unaochukua nafasi zaidi, hivyo shafti ingevimba kidogo na kuwa rahisi kuvunjika isipopashwa moto tena ili kutuliza matensaiti hiyo mpya. Kwa shafti ile tulipasha gurudumu lake hadi nyuzi 120, nayo shafti tukaiacha katika joto la karakana.