Ng'ombe wa ishirini na tano: siku yangu moja ya kuingiza nyama Maskati

Saa 10 kasorobo alfajiri. Simu imetangulia adhana. Ujumbe kutoka uwanja wa ndege: mzigo umeshuka. Ni Alhamisi ya Julai, na mvuke wa nje unafunika miwani ukifungua mlango tu. Mzigo ni nyama ya ng'ombe, robo 100 (kila ng'ombe hukatwa vipande vinne), iliyochinjwa Tanzania juzi, ikalala kwenye baridi, ikaondoka Dar es Salaam usiku tumboni mwa ndege ya abiria. Waliolala juu hawajui wamesafiri na nani.

Mimi ni mzaliwa wa hapa, lakini Kiswahili ni cha nyumbani. Marehemu bibi alikuja nacho kutoka Unguja. Ndiyo maana kampuni imeniweka upande wa Afrika Mashariki. Mwenzangu wa Pakistani anashughulika na Karachi.

Saa 12. Sehemu ya mizigo. Sisi tuna nyama ya barafu na nyama ya baridi. Ya barafu inakuja kwa meli kutoka Brazil au India, ina subira. Ukiichelewesha wiki haikwambii kitu. Ya baridi inakaa kati ya nyuzi 0 na 4, na siku zake unazihesabu kwa vidole. Omani ina ng'ombe wake, hasa kwenye milima ya Dhofar ambako mvua za kiangazi huleta majani, lakini ukilinganisha na watu wanaokula hawatoshi. Kwa hiyo bucha nyingi za mjini zinasubiri ndege kama sisi tunavyosubiri.

Saa 2 asubuhi. Daktari wa mifugo wa serikali amefika. Anafungua soksi, kile kitambaa cheupe cha wavu kinachovishwa kila robo, ananusa karibu na mfupa, kisha anachoma kipimajoto kwenye paja mpaka kiguse ndani kabisa. Juu ya nyama panadanganya, ndani ndiko joto linakojificha. Nyuzi 3 na nukta mbili. Anatazama muhuri wa machinjio, anatikisa kichwa kwa kuridhika, anageukia karatasi.

Hapo ndipo siku ilipoharibika. Hati ya ndege inasema robo 100. Cheti cha afya kinasema 96.

"Wanne hawa ni nani?" akaniuliza kwa Kiarabu.

Robo nne ni ng'ombe mzima. Ng'ombe mmoja amevuka bahari bila pasipoti.

Saa 2 na nusu. Dar wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo nampigia kijana wa usafirishaji kabla hajafika kazini.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mmenichinjia wangapi?"

Kimya. Kisha nasikia honi za daladala. Ikabainika kuwa nafasi ilibaki kwenye gari, wakaongeza ng'ombe mmoja baada ya cheti kuandikwa. Alikaguliwa, ana muhuri, ana lebo namba 25, ila hakuna aliyerudi kwa daktari wa kule kubadilisha namba. Sikumgombeza. Nilikuwa nalitaka hilo gari lijae, mimi mwenyewe nililalamika wiki iliyopita kwamba mzigo ni mdogo.

Saa 5. Nimekaa kwenye benchi la plastiki saa mbili nzima. Forodha imeshapita kwenye kompyuta, kinachosubiriwa ni neno la daktari tu. Mwisho akaamua: 96 zitoke, nne zibaki kwenye chumba cha baridi cha uwanja mpaka cheti kipya kije. Ni haki yake. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo, ingawa sikumwambia.

Sasa kuna saa nyingine ya kukimbizana nayo. Miezi hii ya joto, kuanzia Juni hadi Agosti, sheria inakataza kazi za juani kuanzia saa 6 na nusu mchana hadi saa 9 na nusu. Mahali petu pa kupakilia hapana paa. Vijana wanne wanabeba robo begani, kila moja kilo thelathini na kitu, wanaingia na kutoka kwenye gari la friji huku mlango ukifunguliwa nusu tu. Robo ya mwisho imeingia saa 6 na dakika 20. Nimewanunulia laban, maziwa ya mtindi ya kunywa, wote.

Saa 8 mchana. Kupima kwenye ghala. Mizani ya hapa haikubaliani kamwe na ya kule, kwani nyama hutoa maji njiani. Leo pengo ni kilo 41. Naandika, napiga picha, natuma.

Saa 10 jioni. Mzee mwenye bucha Seeb, hapa hapa Maskati, mteja wetu wa zamani, ananiita kando na kipande mkononi.

"Mwanangu, mafuta haya mbona manjano kama binzari?"

Kila mara ananiuliza, na kila mara namjibu: huyu amekula majani maisha yake yote, si ng'ombe wa zizini wa nafaka mwenye mafuta meupe. Anajua vizuri. Anataka punguzo. Tena akauliza ziko wapi nundu zake, maana wachoma mishikaki wa jioni wanazigombania, na yeye ndiye anayewauzia. Nikamwambia moja imebaki uwanjani.

"Kwa nini?"

"Haina karatasi."

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Punguzo nikampa.

Saa 2 usiku. Cheti kipya kimeingia kwenye simu, kimesahihishwa, 100. Kimekuja ofisi zimeshafungwa, na kesho ni Ijumaa, keshokutwa Jumamosi. Hadi Jumapili asubuhi robo nne zinalipiwa hifadhi, na mzee amezikata kwenye oda yake.

Kabla ya kulala nimeandika oda ya wiki ijayo: ng'ombe 24. Gari likibaki na nafasi, nimemwambia kijana, liacheni na nafasi.