Kikapu cha La Garoupe

Asubuhi yangu ya kwanza kwenye ufuko wa La Garoupe, kusini mwa Ufaransa, nilivaa gauni jeupe la kitani nililoshonesha mahususi kwa safari ile, hereni za lulu na kofia pana ya ukili. Shoga yangu alinigeuza huku na huku, akaridhika, kisha akanikabidhi kikapu. Ndani mlikuwa na mikate tisa ya duara iliyojazwa jodari, mayai ya kuchemsha, nyanya, vitunguu na zeituni, yote ikiwa imelowa mafuta ya zeituni mpaka imelainika. Watu wa Nice huiita pan bagnat, yaani mkate uliooga. Kulikuwa pia na matikiti yaliyokatwa vipande, chupa za maji zilizolala kwenye friza usiku kucha, na kisu kilichofungwa ndani ya kitambaa.

"Leo tuna wageni saba," akasema. "Tukichelewa kupita saa tatu, pazuri pote patakuwa pameshatandikwa."

Majira haya niliyangoja miaka kumi na mmoja. Shoga yangu anaishi Nice, nyuma ya bandari, ghorofa ya nne. Kila mwaka hunialika, na kila mwaka kazi hunikatalia. Mwaka huu nilipata likizo ndefu, nikakaa kwake wiki sita. Nilichokifuata nakisema bila haya: nilifuata anasa. Nilitaka kuvaa na kuonekana, kualikwa na kualika, kukaa na watu hadi usiku wa manane mbele ya bahari, kama wale niliokuwa nikiwaona kwenye picha za magazeti tangu nikiwa msichana. Nilivipata vyote, na bado moyo wangu uko kulekule. Ila sikujua kabla yake kwamba raha ile inaanzia jikoni, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa mtu kukata vitunguu.

Ufuko wenyewe una kisa ninachokipenda mno. Zamani matajiri wa Ulaya walikwenda Côte d'Azur kukimbia baridi. Miaka ya 1890 Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa akifikia Cimiez, kwenye kilima kilicho juu ya mji wa Nice, na joto lilipoanza kupanda alikuwa ameshaondoka. Ikifika Mei hoteli zilikuwa zikifungwa, kwa kuwa jua la kiangazi lilihesabiwa kuwa ni la wavuvi na wakulima. Mwaka 1923 Wamarekani wawili, mume na mke, Gerald na Sara Murphy, wakamshawishi mwenye Hôtel du Cap asifunge yote, naye akawaachia sehemu ya hoteli na watumishi wachache. La Garoupe wakati huo ulikuwa kipande kidogo cha mchanga kilichofunikwa na mwani mzito. Gerald akashika reki. Kila siku akauondoa kidogo, kila siku kidogo, mpaka pakapatikana mahali pa kutandika mikeka. Ndipo wakawaita marafiki. Mchoraji Picasso alikuja na mkewe Olga, mtoto wao mdogo na mama yake mzazi. Sara alikuwa akiota jua na mkufu wake wa lulu umemning'inia mgongoni, akisema lulu nazo zinahitaji jua. Hereni zangu za siku ile zilikuwa salamu kwake.

Basi sasa nikisikia mtu anataja fahari ya pwani ile, jambo la kwanza linalonijia ni mwanamume na reki.

Sisi tulikuwa tukienda La Garoupe kila Jumatano na kila Jumapili. Treni kutoka Nice mpaka Antibes, kisha basi la Cap d'Antibes, na kikapu mapajani. Sheria ya Ufaransa inasema ufuko ni mali ya umma, na wale wanaokodisha vitanda na miavuli huruhusiwa kushika sehemu yake tu. Ile iliyobaki ni ya atakayewahi. Kinachofuata kandokando ya maji ni kizuri zaidi: tangu mwaka 1976 wenye nyumba za pwani wanatakiwa kuwaachia waenda kwa miguu njia ya mita tatu. Kwa hiyo baada ya chakula tulikuwa tukishika kinjia cha Tire-Poil, watu tisa wa lugha tano, tukizunguka ncha ya rasi chini ya kuta za majumba ya mabilionea, mawe meupe upande mmoja na bahari ya samawati upande wa pili. Hapo ndipo nilipofanya urafiki na watu wengi kuliko kwenye karamu yoyote, maana njia ni nyembamba, unajikuta nyuma ya mtu usiyemjua, anakupa mkono kwenye jiwe linaloteleza, mazungumzo yanaanza.

Jioni ilikuwa na kanuni zake. Saa kumi na moja tunarudi, tunaoga maji baridi, tunafunga madirisha ya mbao kuzuia joto, tunalala kidogo. Saa moja ninapiga pasi. Kitani hakisamehe, kipige pasi kikiwa bado na unyevu, la sivyo utakwenda umekunjamana. Nilikuwa na magauni matatu ya kitani na moja la hariri ya kijani, na kwa wiki sita niliyabadilisha kwa mikanda, vilemba na hereni mpaka watu wakadhani nimekuja na sanduku tano. Mwezi Julai jua la Nice huzama kwenye saa tatu usiku, kwa hiyo mwanga ule wa dhahabu hukaa juu ya mabega ya watu kwa muda mrefu sana. Nadhani kila mtu duniani anapendeza saa mbili na nusu usiku kwenye Promenade des Anglais, ile barabara ya kando ya bahari mjini Nice.

Kisha apero. Neno hili ni refu kuliko linavyosikika. Ni kinywaji na vitafunio kabla ya chakula cha usiku, lakini kwa kweli ni baraza. Unaalikwa nyumbani kwa mtu, roshani ina viti sita na watu ni kumi na wanne, kuna zeituni, kuna socca iliyotoka tanurini, ile chapati pana ya unga wa dengu inayoliwa kwa vidole na pilipili manga nyingi. Wengi hunywa mvinyo wa waridi wenye barafu. Mimi situmii kilevi, nikawa nakunywa sharubati ya mnanaa kwa maji, kijani kibichi kama gauni langu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini.

Mwalimu wangu wa mambo hayo alikuwa bibi wa ghorofa ya pili, mwenye miaka themanini na miwili, ambaye jengo zima linamwita Madame tu. Huvaa bluu kila siku. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ukialikwa nyumbani kwa mtu saa moja, ufike saa moja na robo, ili umpe mwenyeji muda wa kuvua aproni na kupaka rangi ya midomo. Alinifundisha pia kwamba mabusu ni mawili, shavu kwa shavu, na humwachi mtu hata mmoja chumbani, hata wakiwa ishirini. Mwanzoni niliona ni kupoteza muda. Baada ya wiki nikaelewa kuwa ukishamzungukia kila mtu hivyo, hakuna mgeni tena humo ndani. Nilikuwa na daftari dogo la kuandika jina la kila niliyeketi naye meza moja. Lilifika watu sitini na mmoja.

Usiku mmoja Madame alitupeleka Juan-les-Pins, kwenye tamasha la jazi linalofanyika chini ya misonobari mwezi Julai tangu 1960. Jukwaa limeipa mgongo bahari, kwa hiyo unamtazama mpiga tarumbeta na nyuma yake taa za mashua zinapita. Walianza kulifanya kwa kumkumbuka mwanamuziki wa jazi Sidney Bechet, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mwaka 1951 alikuwa amefunga ndoa mjini Antibes, na harusi yake ikageuka sherehe ya barabarani. Madame alituambia kuwa mwaka 1964 Ella Fitzgerald alikuwa akiimba pale, nyenje wa ile misonobari wakawa wanapiga kelele bila kukoma, naye badala ya kukasirika akawaingiza kwenye wimbo, akatunga maneno yao palepale. Tulikaa kimya baada ya kisa hicho. Nyenje walikuwapo, hawajapunguza hata kidogo.

Monaco tulikwenda jioni moja, kwa treni, tukayaona magari mbele ya kasino iliyofunguliwa 1863, ambako raia wa Monaco wenyewe hawaruhusiwi kucheza kamari. Pazuri, pasafi. Hatukuketi na mtu yeyote.

Saint-Tropez ilinipa raha na ikanipa kidonda. Treni haifiki huko, na barabara hujaa magari tangu asubuhi, kwa hiyo tulivuka kwa boti kutoka Sainte-Maxime, robo saa hivi, upepo ukinivuruga kilemba. Bandarini mayoti yamefungwa tezi zikielekea nchi kavu, wenyewe wanakula chakula sitahani, na wapita njia wanawatazama, na wao wanawatazama wapita njia. Wachoraji walipagundua mapema, Paul Signac alifika kwa mashua yake 1892, lakini umaarufu huu wa leo uliletwa na Brigitte Bardot alipokuja kuigiza filamu hapo katikati ya miaka ya 1950. Tulikuwa tumeweka nafasi ya chakula cha mchana kwenye mkahawa mmoja wa ufukweni, Pampelonne, wiki tatu kabla. Tulipofika, sita sisi, tumependeza kuliko siku zote, kijana mmoja akatuambia meza imepewa kundi kubwa zaidi. Shoga yangu aliyeipangia siku ile kwa mwezi mzima alisimama na mkoba wake mikononi, midomo imembana. Iliniuma, na bado inaniuma, si kwa njaa, bali kwa sababu mwenyeji alidhalilishwa mbele ya wageni wake.

Shemeji yangu, mumewe, hakusema neno. Alitupandisha basi mpaka mjini, akanunua tarte tropézienne mbili nzima, ule mkate mtamu wa krimu ambao mwokaji Mpoland, Alexandre Micka, aliuanzisha mjini humo miaka ileile ya Bardot, tukaenda kukaa chini ya miti ya Place des Lices, ambako wazee hucheza pétanque, mchezo wa kurusha gololi. Tukala kwa mikono, na magauni yetu, sukari mpaka kwenye nyusi. Wazee wakatuona tunavyocheka, mmoja akaniletea gololi zake za chuma na kunifundisha kuzishika, kiganja kikitazama chini. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wetu siku hiyo walipona kupitia kwa mzee yule.

Katikati ya Agosti tulikwenda Capri, nchini Italia, kwa siku nne, tumealikwa na mke na mume wa Napoli tuliojuana nao pale La Garoupe, kwenye kinjia cha mawe. Kisiwa kile kimeizoea anasa kwa miaka elfu mbili: Kaizari Augusto alikipenda mpaka akawapa watu wa Napoli kisiwa kikubwa zaidi cha Ischia ili akipate, na Tiberio aliyemrithi alikaa huko sehemu kubwa ya miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki mwaka 37 BK. Mchana Capri imejaa hadi huwezi kugeuka. Siri ni jioni, boti za watalii wa siku moja zikishaondoka. Ndipo kiwanja kidogo wanachokiita Piazzetta kinarudi kwa wanaolala kisiwani, viti vinajaa mmoja mmoja, na kila anayeingia anatazamwa kuanzia viatuni. Nilitengenezewa kandambili za ngozi huko: fundi alinikalisha, akanipima mguu, akapigilia kanda za dhahabu nikiwa nimekaa palepale, nikatoka nazo.

Tarehe 15 ni Ferragosto, sikukuu ambayo jina lake limetoka kwa Augusto huyohuyo. Italia yote iko baharini siku hiyo. Wenyeji wetu walikodi mashua ya mbao, tukaenda kwenye Faraglioni, miamba mitatu inayochomoza majini. Ule wa katikati umetobolewa tundu kama mlango, na wapendanao wakipita chini yake hubusiana. Wenyeji wetu wana miaka thelathini na minne ya ndoa. Yeye alikuwa akimenya pichi, juisi imemfika kwenye viwiko, mumewe akamgeuza na kumbusu, na pichi ikaanguka baharini. Nimepiga picha nyingi majira haya, hiyo sikuwahi kuipiga, nayo ndiyo ninayoiona waziwazi zaidi.

Jumapili yangu ya mwisho Nice niliomba kikapu niandae mimi. Niliamka saa kumi na moja, nikachemsha mayai, nikakata vitunguu vyembamba kama alivyonifundisha shoga yangu, nikailoweka mikate. Usiku wa kuamkia siku hiyo kulikuwa na tufani, na tulipofika La Garoupe mchanga ulikuwa umefunikwa mwani wa kahawia, mzito, wenye harufu ya chumvi. Shoga yangu alitaka turudi. Nikavua kandambili zangu za Capri, nikakunja gauni kiunoni, nikaanza kuusogeza kwa mikono. Shemeji akaweka mwavuli chini akaingia upande wa pili. Tulitumia saa nzima kupata mahali pa mikeka mitano.

Madame alifika saa nne na nusu, amevaa bluu, ameshika fimbo. Akaitazama mikeka, akaitazama mikono yangu, akanipa shavu la kwanza.