Ng'ombe aliyekataa kuingia kwenye databesi

Hii ilikua 2013, mi nimetoka kumaliza kozi ya kompyuta, kazi sina, mamangu akanipeleka kwa shogake mwenye duka la leso Biashara Street. Stoku yake yote ilikua kwenye daftari la jalada gumu lenye madoa ya chai, na kila leso imeandikwa kwa jina lake, manake Mombasa mtu haji kuuliza leso ya maua mekundu, aja kuuliza "ile ya Usisafirie nyota ya mwenzio ipo?" Bi mkubwa ataka zote ziwe kwenye kompyuta kabla ya Idd.

Nkafungua tebo kwenye MySQL, programu ya kuhifadhi databesi, kolamu tatu tu: jina, idadi, bei. Siku mbili nachapa kwenye notipadi INSERT (amri ya kuingiza data) moja ndefuuu, kila leso na mabano yake, koma, ingine, koma, mpaka zikafika 212. Nkabandika, nkabonyeza enta. Kosa namba 1064. Haikuingia hata moja, manake yote ile ni amri moja, ikivunjika mahali pamoja yatupwa nzima.

Ikanambia shida iko karibu na "ombe wa maskini hazai". Bi mkubwa akaja na miwani yake, akasoma, "Mashini yako yaomba nini?"

Kumbe ni Ng'ombe wa maskini hazai. SQL, ile lugha ya hizo amri, yafungua maneno kwa kale kaalama ka ritifaa (') na kuyafunga kwa hako hako, sasa ikifika kwa ritifaa ya ng' yaona neno limeisha, Ng, basi, alafu hio "ombe" haijui ni mdudu gani. Kwenye kozi mifano yote ilikua ya kina John na Mary, ng'ombe hatukufundishwa! Dawa ni kuandika ritifaa mara mbili. Nlivo na haraka nkaiambia notipadi izibadilishe zote, ikazidabo mpaka zile za kufungulia na kufungia, faili lote likaharibika, ikabidi nirudi nyuma nitafute ng' peke yake. (Hapo nlishukuru maneno yetu yaishia na irabu, hakuna jina lililoishia na ng likanichanganya.)

Enta. Mistari 212 imeingia. Nkajiona bingwa.

Bi mkubwa akavuta kiti. "Mwanangu, leso shilingi kumi na mbili?"

Kwenye INSERT sikuandika majina ya kolamu, nlijaza tu nkidhani nakumbuka mpangilio, bei nkatanguliza mbele ya idadi, na kwa vile zote ni namba MySQL haikusema kitu, ikapokea doti 450 za shilingi 12. Ng'ombe mmoja kapigiwa kelele mchana kutwa, hizi zote zikapita kimya.

Nkaanza kufuta ili niingize upya. "Ngoja kwanza," akasema, "nifungie mimi doti kumi kwa bei hio."