Mbegu ya Tangawizi na Mfuko wa Mkulima wa Buhigwe

Watu wanaotafuta sababu za mavuno hafifu ya tangawizi huanzia kwenye udongo na mvua, na Buhigwe, wilaya ya mkoani Kigoma, haina upungufu mkubwa wa vitu hivyo: iko kwenye miinuko, na mvua zake huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Mei. Kwa maoni yangu, mashamba mawili yanayopakana katika vijiji vya kuelekea Manyovu yanapotofautiana sana kwa mavuno, jambo la kwanza la kuuliza ni nani kati ya wenye mashamba hayo alikuwa na fedha mkononi, na katika mwezi gani.

Tangawizi haipandwi kwa punje. Kinachofukiwa kwenye tuta ni kile kile kinachouzwa sokoni, yaani vipande vya tangawizi yenyewe vyenye jicho moja au mawili, na ekari moja huhitaji takriban kilo 600 hadi 800. Zao hilo hukaa ardhini miezi 8 hadi 10, kwa hiyo mkulima huvuna kuanzia Juni na kupanda tena mvua zinaporudi. Katikati ya kuvuna na kupanda kuna michango ya harusi, matibabu, madeni ya dukani na mahitaji ya watoto wa shule, na kila shida inapobisha hodi, rundo la mbegu lililohifadhiwa kivulini ndiyo akiba iliyo karibu.

Nimeshuhudia mama mmoja akichambua mavuno yake uani. Vipande vinono, vyenye ngozi ya kung'aa, alivitia kwenye gunia la mnunuzi, na vile vyembamba vilivyochubuliwa na jembe akavitenga kando kwa ajili ya kupanda. Alijua fika kwamba alipaswa kufanya kinyume chake, na akanieleza hivyo bila kuulizwa, lakini deni lilikuwa linasubiri. Mkulima wa namna hii hahitaji semina nyingine ya uchaguzi wa mbegu. Anahitaji namna ya kulipa deni bila kuuza mbegu iliyo bora.

Ardhi nayo ina mchango wake. Ugonjwa wa mnyauko wa bakteria hubaki kwenye udongo na husafiri ndani ya mbegu, ndiyo maana wagani husisitiza kutoirudisha tangawizi kwenye shamba lile lile kwa miaka mitatu au zaidi. Mwenye ekari kadhaa huweza kubadilisha, akapanda mahindi au maharage kwanza. Anayekodi kipande kwa msimu mmoja hana nafasi hiyo, wala hana sababu ya kumwaga samadi ambayo msimu ujao itamnufaisha mwenye shamba.

Wanawake ndio ninaowaonea uchungu zaidi katika jambo hili. Kupalilia, kuinulia udongo na kutandaza nyasi ni kazi inayowaangukia wao kwa sehemu kubwa, ilhali bei hupangwa na mume pamoja na dalali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, lakini urithi katika koo nyingi bado unafuata upande wa baba, na mjane anayelima kwa hisani ya mashemeji hawezi kupanga matumizi ya shamba lake kwa miaka mitatu ijayo.

Kuhusu soko nitasema kwa ufupi: lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, ni wizi, na sheria ya vipimo inaikataza. Kijiji kinachouza kwa pamoja na kwa mizani humnyima dalali nafasi ya kumbana mkulima mmoja mmoja.

Vikundi vya kuweka na kukopa vimeenea vijijini, lakini marejesho yake mara nyingi ni ya kila wiki au kila mwezi, wakati tangawizi huingiza fedha mara moja kwa mwaka. Ningependa kuona vikundi vyetu vikitenga mfuko unaokopesha Juni, mbegu ikiwa bado mikononi mwa mkulima, na kupokea marejesho baada ya mavuno yanayofuata, huku kikundi kikikagua na kuhifadhi mbegu hiyo kama dhamana. Mkopo unaokuja Novemba humkuta mkulima ameshauza mbegu yake kwa bei ya mavuno, naye hulazimika kununua ya mtu mwingine, pamoja na ugonjwa uliomo ndani yake.